Meli Zilizovishwa Kofia

Kijiwe chetu kiko pale gati linapoanzia, mbele ya duka la Mama Asa, na kama hujakikalia basi mji huu hujaufika, umeupita tu. Benchi lenyewe ni ubao wa merikebu iliyovunjikia mwambani enzi za baba yangu, umelazwa juu ya vipipa viwili vya kazi ya mikono yangu, maana mimi ndiye fundi mapipa wa hapa. Jina langu la kanisani ni Jabez, lakini ukiulizia hilo utazunguka mpaka viatu vikuishe, ulizia Pipa. Ukikaa pale unaiona bandari yote, na mwaka huu ni bora ufumbe macho. Meli zimefungwa ubavu kwa ubavu tangu baridi iliyopita, na juu ya kila mlingoti limefunikizwa pipa kuukuu la lami ili mvua isizame kwenye mti ikauozesha. Tunaziita kofia za kulalia, kwa kuwa meli zimelazwa. Mimi, fundi niliyekuwa natengeneza mapipa ya ng'onda za kwenda Barbados na visiwani kote, sasa kazi yangu ni kuzivisha meli kofia. Haya, cheka. Mke wangu alicheka siku ya kwanza. Siku hizi hacheki.

Kisa ni Zuio. Mwingereza anapigana na Mfaransa miaka nenda rudi, na mabaharia wanamwishia. Basi akiikuta meli yetu baharini anaisimamisha, anapanda na mapanga, anawapanga vijana wetu mstari kama mtu anayechagua kondoo sokoni, anasema wewe na wewe ni Waingereza, twende. Ukimwambia huyu kazaliwa nyumba ya pili kutoka kwangu, anakwambia kamwambie mfalme. Rais na wabunge wake kule Washington wakakaa, wakaona vita hatuviwezi, wakasema tumkomoe kwa tumbo: hakuna meli ya Marekani kwenda nchi ya watu, hatuuzi, hatununui, mpaka aache mchezo huo. Mwingereza akae na njaa yake. Njaa, kama unavyoona, ilikuja kukaa na sisi.

Tulikuwa wanne wa kila siku. Mwenye duka ni Mehitabel, mjane, sisi tunamwita Mama Asa. Huyo Asa ni mwanawe wa pekee, na Waingereza walimchukua mwaka wa tatu sasa, kutoka kwenye merikebu ya Peleg, baba yake mdogo. Peleg ndiye Nanga. Akishatua mahali hang'oki, na tangu aliporudi bila yule kijana hajawahi kukosa kijiweni. Halafu yuko Jotham, huyo tunamwita Gazeti, ambaye hajawahi kuvuka maji mapana kuliko kidimbwi cha kinu, lakini habari za London anazo kabla hazijatokea. Na yuko Zebulon, fundi wa kuziba nyufa za meli, jina lake Kalafati. Wanne, na mimi ndiye wa nne, na mama mwenye birika.

Sasa nikwambie jambo ambalo hapa kijiweni halikuwa likisemwa. Mji mzima Zuio lilikuwa na mpenzi mmoja tu wa kweli, naye ni Mama Asa. Yeye alishika hilo moja: meli zikikaa zimefungwa, Mwingereza atachoka, na akichoka atamrudisha mwanangu. Sisi majumbani mwetu tulikuwa tunalilaani Zuio asubuhi, mchana na jioni, na samaki mkavu mdomoni, maana ng'onda zimejaa vichanja vyote na hakuna wa kumuuzia. Lakini tukifika pale kwenye benchi lake tunageuka. Tulianza kidogokidogo, kumtia moyo tu: Mama Asa, Mwingereza ameanza kutetereka. Basi, si unajua wanaume wakiketi. Miezi ikapita, Uingereza yote ikawa iko mahututi.

Na siku ninayokusimulia ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu kesho yake kulikuwa na mkutano wa mji. Wanaume wote kanisani, na jambo ni moja: je, tumwandikie Rais aliondoe Zuio? Anayetaka anyoshe mkono. Kila mmoja wetu alikuwa ameshamuahidi mkewe kwamba atanyosha. Nanga ndiye hana mke, lakini ana merikebu inayooza. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubavu wa kumwambia Mama Asa.

Gazeti ndiye aliyefungua kikao. Alipuliza kikombe chake cha bati, akanywa funda, akafumba macho.

— Hii ni ya Martinique. Naijua kwa harufu.

Kahawa ya Martinique iliisha bandarini hapa kabla theluji haijayeyuka. Tuliyokuwa tunakunywa ni shayiri, imekaangwa mpaka ikaungua, halafu ikaoneshwa maji ya moto. Hata ulimi wangu uliounguzwa na moshi wa lami uliweza kuitambua.

— Martinique kabisa, nikasema.

— Ile ya mlimani, akasema Kalafati. Ya bondeni haina uchungu huu.

— Mnaisifu kila siku, akasema Mama Asa akiwa amesimama mlangoni na birika. Haya, Jotham, lete ya London. Jana uliishia kwenye mkate.

— Mkate umekwisha! Gazeti akapiga goti lake. Unga waliokuwa wanakula ulikuwa wetu. Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa na nahodha: mkate mmoja London sasa wanaukata kwa uzi, kila nyumba inapata ukoko.

— Mtu gani huyo?

— Kalafati, mimi nikikuuliza kila siku unaziba na nini, utaniambia?

— Nitakwambia. Kamba kuukuu na lami. Na lami ndiyo nataka kusema, alisema Kalafati akijisogeza mbele. Mkate si kitu. Mtu atakula kiazi. Lakini manowari itakula nini? Lami yao ilikuwa inatoka kwetu, Carolina. Mwaka mzima hawajaiona. Nakwambia hivi sasa zile manowari zinavuja kama kikapu. Wanaziba kwa jibini.

— Jibini!

— Jibini ya kwao ni ngumu, Pipa. Mimi niliwahi kuiona. Unaweza kuigongomelea msumari.

— Na panya je?

— Hapo ndipo palipo na balaa. Panya wanakula ile jibini kutoka ndani, manowari inazama huku amiri yuko mezani.

Mama Asa alicheka. Lo, ukimwona mama yule anacheka unasahau njaa. Alijaza kikombe cha Kalafati mpaka juu, na hapo ndipo Gazeti alipoona wivu.

— Mezani anakula nini? Hebu niulizeni anakula nini. Samaki wetu hana! Kule Uingereza mtu akikosa chewa wa kwetu aliyekaushwa kwa jua letu, damu inakuwa nyepesi. Hawasimami sawasawa. Bungeni kwao wanahutubia wamekaa. Mfalme ndiyo usiseme, anatafuna mishumaa.

— Acha kutufunga kamba, nikasema.

— Mishumaa, Pipa! Kwa chumvi!

— Na chumvi wameitoa wapi? akauliza Kalafati. Juzi ulisema chumvi imewaishia.

— Wanalamba mawe ya ufukweni. Usinivuruge.

Nanga alikuwa hajasema. Yeye huwa wa mwisho, na akianza benchi linalalia upande wake. Aliweka kikombe chini, akamtazama shemeji yake.

— Mimi nasema hivi, alisema. Waingereza wote hawasimami kwa njaa, au sivyo? Amiri damu nyepesi, maofisa damu nyepesi. Sasa katika manowari hiyo nani amebaki na miguu? Asa. Asa amekulia kwenye chakula changu cha baharini, na nyote mnajua mpishi wangu. Njaa ya Mwingereza kwake ni karamu. Basi mimi nasema Asa ndiye anayeshika usukani sasa hivi. Anawaambia fanya hivi, wanafanya. Na anaigeuza meli taratibu, wasijue, anaileta huku.

— Na manowari nzima? nikauliza.

— Na mizinga yake. Ataifunga pale, karibu na merikebu yangu Betsi.

— Utaivisha kofia, Pipa, akasema Kalafati.

— Milingoti mitatu, kofia tatu. Nitapata kazi.

Mama Asa alikuwa amecheka mpaka anafuta macho kwa aproni. Kisha akaacha kucheka, akabaki anafuta. Akaweka birika chini.

— Jamani, alisema. Kesho mkutano. Mtanyosha mikono?

Tukageukia maji. Unajua bandari ikiwa haina kazi ina kimya chake. Unasikia kamba zinavyolia kwenye magati.

— Mimi bega hili, akaanza Kalafati, akilishika bega lake. Tangu majira ya kupanda haliinuki. Hata kofia nasaidiwa.

— Bega la kulia au la kushoto?

— Yote yanashirikiana.

— Jotham?

— Mimi, Mama Asa, nina mafua. Pengine nisiende kabisa. Akakohoa ili tuone.

— Jabez?

Aliniita Jabez. Nikaangalia vipipa vya benchi kana kwamba sijawahi kuviona.

— Mke wangu, nikasema, na nikaishia hapo, kwa kuwa sentensi hiyo haina njia nzuri ya kuisha.

— Nawauliza kwa kuwa naona watu wanapita hapa wanainamisha vichwa, alisema Mama Asa. Hata mchungaji. Mimi siwezi kunyosha, mimi mwanamke. Nilichonacho ni hilo Zuio tu. Mkiliondoa, Mwingereza ana sababu gani ya kumwachia? Shemeji, wewe niambie.

Nanga alifungua mdomo. Mtu aliyeileta manowari nzima na mizinga yake dakika moja iliyopita, sasa hana hata mtumbwi. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe, na haki ya Mungu sijui tungetokaje pale kama asingetokea yule mgeni.

Alikuja kwa barabara ya kaskazini, mguu mmoja anauburuta, kifurushi begani. Mwembamba, si mzee, lakini uso ulikuwa umepigwa na jua mpaka huwezi kumpa umri. Alisimama akaitazama bandari muda mrefu, akatutazama sisi, akaitazama tena.

— Habari za hapa, alisema. Samahani. Hizo kofia ni za nini?

— Karibu, ndugu, Gazeti alimdaka kama mtu aliyerushiwa kamba majini. Keti, keti! Kalafati, msogelee mgeni. Hizo ni za mvua. Umetoka wapi?

— Mbali. Naitwa Lot Tarbox, kwetu Plymouth. Nimetembea kutoka huko juu mpakani, nilikoshushwa na wavuvi. Kuna maji ya kunywa?

— Maji hapana, kahawa ipo, akasema Mama Asa, akamimina. Pole na safari, mwanangu.

Alikunywa funda. Akasita. Akachungulia ndani ya kikombe.

— Hii ni nini?

— Kahawa, tukasema sisi wote kwa mpigo.

— Aa, alisema. Akanywa yote, kwa adabu.

— Na mguu, nikauliza ili tuondoke kwenye kikombe. Umeumia wapi?

— Mzinga uliteleza ukanikalia. Nilikuwa manowari ya Waingereza. Miaka minne. Walinichukua kutoka kwenye meli ya mjomba wangu. Mguu ulipokufa wakaona sina faida tena, wakanimwaga Halifax, bandari yao kule kaskazini.

Ungesema mtu amekata kamba. Birika lilishuka mkononi mwa Mama Asa likatua kwenye benchi bila yeye kulitazama. Alisogea mpaka akawa mbele ya mgeni kabisa.

— Manowari ipi? Ulimwona kijana anaitwa Asa? Mrefu, ana kovu hapa kidevuni. Anaimba vibaya.

Lot alimtazama. Ungeona alivyotamani kusema ndiyo.

— Hapana, mama, alisema. Sikumwona. Zipo manowari nyingi mno, na kila moja ina watu wetu.

— Labda amekonda, akasema Gazeti. Au ameficha kidevu.

— Jotham, alisema Nanga. Nyamaza.

Mama Asa alikaa. Alikaa kwenye benchi letu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Yeye siku zote ni wa mlangoni.

— Basi nieleze njaa yao, alisema. Wameshaishiwa kabisa?

— Njaa ya nani?

— Waingereza. Mkate hamna. Lami hamna.

Lot alitutazama mmoja mmoja. Mimi nilimkonyeza, Kalafati akamkonyeza, Gazeti akakonyeza macho yote mawili kwa pamoja. Lakini yule bwana alikuwa ametoka miaka minne mahali ambapo uongo ulikuwa kazi ya maofisa, na yeye aliona ameshafika nyumbani, ambako husemwa kweli.

— Mama, walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi hapa, alisema. Nyama, biskuti, pombe yao kila adhuhuri. Lami walikuwa nayo mapipa tele. Kwani wapungukiwe kwa nini?

— Kwa sababu ya Zuio.

— Njiani nimesikia watu wanalilaani zuio. Nilidhani ni ushuru wa daraja. Ni kitu gani hasa?

Ikabidi nimweleze mimi, maana wenzangu walikuwa wamegeuka mawe. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: kwamba tumezifunga meli zetu zote, hakuna inayokwenda nchi ya watu, tangu baridi iliyopita, bandari hii na zote za pwani, ili Mwingereza abanwe mpaka awaachie watu wetu.

— Watu wetu, akarudia. Yaani mimi?

— Wewe na wenzako.

Lot alitazama meli. Nikadhani anataka kulia, lakini alipozungumza alizungumza polepole kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

— Kumbe mlikuwa hapa, alisema. Ngoja niwaambie. Sisi tuliochukuliwa tulikuwa tunatoroka kwa njia moja tu. Manowari ikitia nanga bandarini, Jamaica, Barbados, popote, unangoja giza, unachungulia upande wa meli za biashara, unatafuta bendera ya kwetu. Zamani hukosi. Meli za kwetu zilikuwa zimejaa kila bandari. Ukiiona, unajitupa majini unaogelea. Ukifika tu wanakuvuta, wanakuficha chini ya magunia, hawakuulizi hata jina. Rafiki zangu wengi walikwenda hivyo. Mimi nilikuwa bado najifunza kuogelea. Nilipojua, nikawa tayari. Tukatia nanga Kingston, nikachungulia. Hakuna. Barbados, hakuna. Kila bandari tunapanda juu, tunatafuta bendera, hakuna hata moja. Tulikuwa tunaulizana usiku, sisi wa Marekani: jamani, watu wa kwetu wamekwenda wapi? Wamekufa? Mwenzetu mmoja akasema labda kuna tauni huko nyumbani. Alikuwa anawaombea.

Akatugeukia.

— Mlikuwa mmezifunga?

Hakuuliza kwa ubaya. Laiti angeuliza kwa ubaya, Nanga angemjibu. Aliuliza kama mtoto anavyouliza, anataka kujua tu, na meli ziko pale mbele yake, mlingoti baada ya mlingoti, na kofia zangu juu. Gazeti, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu alipobatizwa, alitazama viatu vyake. Kalafati alisahau bega, akajifuta uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nahesabu kofia nilizozipandisha kwa mikono yangu, nikaacha.

— Betsi ingekuwa Barbados, Nanga alisema hatimaye, sauti imekauka. Kila mwaka majira yale nilikuwa Barbados. Na ng'onda.

— Asa anajua kuogelea, alisema Mama Asa.

Hakuna aliyemtazama.

— Baba yake alimfundisha pale, kwenye ngazi za gati. Mimi nikiwa nalia juu, namwambia utaniulia mwanangu. Anaogelea vizuri sana Asa. Anaogelea kuliko wote hapa mjini.

Aliinuka, akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi, na tulimsikia anavuta kitu chini ya kitanda, sanduku au nini. Nanga alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Tulikaa. Lot akaniuliza kwa kunong'ona kama amekosea kusema. Nikamwambia hapana, ndugu yangu, hujakosea, sisi ndio tuliozoea vibaya.

Tukasikia kinu. Si kinu cha shayiri. Sauti ya shayiri tulishaizoea, laini kama mtu anayetembea mchangani. Hii ilikuwa inalia, ngumu, punje kwa punje. Halafu harufu ikatoka mlangoni ikatukuta kwenye benchi, na Mungu ni shahidi, Kalafati alivua kofia yake.

Mama Asa akatoka na birika dogo ambalo hatukuwahi kuliona, na mfuko mtupu wa kitambaa umening'inia kwenye kidole.

— Hii nilimwekea Asa, alisema. Ya siku atakayorudi.

— Basi irudishe, Mama Asa! Gazeti alisimama. Usitumiminie sisi! Sisi shayiri inatutosha!

Alipogundua alichokisema ilikuwa imeshatoka.

— Kumbe mnajua ni shayiri, alisema Mama Asa.

Gazeti akaketi taratibu.

— Martinique ya mlimani, akasema yule mama. Zebulon, Mungu anakuona. Miezi yote hiyo nakaanga shayiri huku naona aibu, nasema leo watanigundua, na nyinyi mnaramba midomo. Nikasema wazee hawa ulimi umekufa. Halafu nikasikia mfalme anatafuna mishumaa, nikajua. Wananikaangia Uingereza kama mimi ninavyowakaangia shayiri.

— Mama Asa, hatukuwa na nia mbaya, nikasema.

— Najua, Jabez. Ningekuwa sijui ningewafukuza zamani. Mimi nilikuwa nangoja kila alasiri nisikie Asa leo amefanywa nani. Nilipenda kusikia. Nilijua ni uongo na nilipenda, basi. Lakini sikujua hili alilosema kijana huyu. Hili sikulijua kabisa.

Alianza na Lot. Akamimina kikombe kizima, kilekile alichokinywea shayiri, akiwa amekisuuza. Akaja kwangu. Akaenda kwa Kalafati, kwa Gazeti. Alipofika kwa Nanga, Nanga akafunika kikombe kwa kiganja.

— Mimi siwezi, shemeji, alisema. Nilisimama pale kwenye sitaha yangu nikawaona wanamshusha. Sikusema neno. Walikuwa na mapanga, nikasimama tu. Hii siwezi kuinywa, ni ya Asa.

— Ya Asa mtaileta nyinyi, alisema Mama Asa. Kwa meli zenu. Toa mkono.

Nanga hakutoa.

— Sikiliza, Peleg. Mwanangu yuko kwenye bandari ya watu, anachungulia bendera. Mimi nimekaa hapa namwombea, huku nawashikilia nyinyi msiende. Kesho nendeni mkanyoshe mikono. Wote. Zebulon, na hilo bega. Jotham, na hayo mafua.

— Na Rais akikataa? akauliza Kalafati.

— Mtanyosha tena. Mkutano mwingine, na mwingine. Mpaka mabega yaume kweli.

Lot alikuwa amekwisha kunywa, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, anakinusa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. Mimi nilikunywa yangu. Nisikudanganye, nilikuwa nimesahau. Miezi yote nikisema Martinique, Martinique, na nilikuwa nimesahau kabisa kahawa inavyokuwa. Nilimtazama Gazeti nikingoja atuambie imetoka mlima gani. Alikuwa anaramba ukingo wa kikombe.

Birika lilikuwa limebaki na kikombe kimoja. Mama Asa alikuwa bado amesimama mbele ya shemeji yake, ameliinamisha, anangoja. Nanga alitoa kiganja juu ya kikombe. Kisha, mtu mzima yule, mzito vile, akaunyosha mkono juu, palepale kijiweni, wima, kama yuko mbele ya mchungaji na mji mzima. Kalafati akaunyosha wake, bega likapanda bila hata kulalamika. Gazeti naye. Nami wangu. Lot hakuwa wa mji huu, hana kura hapa, lakini alitutazama akanyosha vilevile.

Mama Asa akamimina mpaka tone la mwisho.

— Mkutano ni kesho, shemeji, alisema. Shusha mkono, kahawa inapoa.